Ukurasa wa Amri ya Kusafisha

Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Wote walimwita dada huyo Koma, kwa kuwa miaka mingi alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na hata ujumbe wa simu ulioandikwa ovyo aliurudisha kwa mwenyewe ukiwa umetiwa alama zake zote. Kiwanda kilipofungwa, ukali huo aliuhamishia kwenye kompyuta. Kuna lugha moja ya kuandikia programu ambayo haina mwenyewe: watu wa pande zote za dunia huijenga pamoja kwa kujitolea, na yeyote huitumia bure. Zana zake za kuanzisha mradi, kuujenga na kuusafisha zilikuwa nzuri, ila mwongozo wake ulikuwa kama umeandikwa na mtu anayekimbia mvua. Koma alijitolea kuuandika upya, ukurasa baada ya ukurasa.

Alifanyia kazi hiyo katika chumba kidogo juu ya karakana ya fundi wa kuchomea vyuma. Mashine ya kukatia ikiwaka huko chini, vikombe hutembea mezani.

Mdogo wake wa kike alikuwa ameolewa na mwandishi wa programu, mcheshi mbele za watu na mwepesi wa mkono nyumbani. Siku moja mdogo mtu alikuja na mdomo umevimba, akasema amejigonga kabatini.

"Kabati gani hilo linalovaa pete?" Koma aliuliza.

Mdogo mtu akainama, akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Asubuhi moja shemeji alikuwa anamalizia, kwa lugha hiyohiyo, mfumo wa kutunzia hesabu za dawa wa zahanati fulani. Folda yake ilikuwa imejaa takataka. Akafungua mwongozo, akakuta mstari mmoja tu: "Safisha huondoa visivyohitajika." Akaiandika amri hiyo. Zana ikafuta kila faili ambayo hakuwa ameiingiza rasmi kwenye mradi, na kazi yake yote mpya hakuwa ameiingiza. Nakala hakuwa nayo popote.

Aliijua nyumba ya kwenda.

Koma alikuwa ndiyo kwanza amechemsha maji ya chai. Shemeji aliingia bila hodi.

"Nani kaandika ukurasa wa kusafisha?"

"Huo ni wa zamani, shemeji. Mimi sijaufikia."

"Hujaufikia," alirudia taratibu, akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukajifunga.

Ngumi ya kwanza ilimvunja taya. Koma alianguka pamoja na kiti, na kabla hajainuka shemeji alikuwa ameshaung'oa mtambo wa kompyuta, nyaya zikining'inia, akamshushia nao mkononi. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Chini mashine ilikuwa inakata chuma. Hata angepiga kelele nani angemsikia? Kwa mkono uliobaki alipapasa, akalipata birika, akammwagia maji ya moto shingoni. Shemeji alipiga ukelele, kisha akarudi kwa mateke: mbavuni, mgongoni, sikioni. Alipiga kimyakimya kama anayepigilia misumari.

Fundi alizima mashine ili abadilishe kisu. Ndipo aliposikia vishindo.

Alipanda na bomba la chuma. Hakuuliza kitu, alimpiga shemeji la goti, wakashikana, wakabingirika ngazi zote mpaka barabarani, shemeji bado ana waya wa kompyuta umemzonga mkononi. Mpita njia mmoja aliuona waya ule, akasema, "Mwizi huyo."

Neno hilo lilitosha. Watu walitoka kwenye maduka kama siafu. Mwingine alikuja na ubao, mwingine jiwe, mwingine mkanda wenye bizimu. Fundi alijaribu kusema kwamba huyo si mwizi, akasukumwa akaangukia mtaroni. Bizimu ilimchana shemeji jicho. Alijikunja, akawa anaita mama yake.

Koma alishuka akijishikilia ukutani. Alitaka kusema acheni, ila kilichotoka mdomoni kilikuwa damu. Aliona mtu amenyanyua tofali kwa mikono miwili. Alipenya katikati ya miguu, akamlalia shemeji. Tofali lilikuwa limeshaachiwa. Lilimvunja mtulinga.

Walipoona ni mwanamke, mmoja mmoja wakaanza kuondoka, kila mtu akikumbuka kwamba ana shughuli.

Hospitalini walilazwa wodi mbili zinazotazamana. Jicho la shemeji halikupona. Alipotoka alipelekwa mahakamani, na kutoka mahakamani gerezani. Mdogo mtu alisubiri mpaka nyaya walizomfungia Koma taya zilipoondolewa, akauliza lililokuwa limemkaa kooni.

"Kwa nini ulimlalia, dada?"

"Niliona mtu anauawa. Sikuwaza zaidi ya hapo."

"Ningekuwa mimi, ningesimama nikatazama."

Koma akamwambia alete watoto na nguo zao, wahamie kwake.

Ukurasa wa kusafisha aliuandika kwa mkono mmoja, herufi moja baada ya nyingine. Mstari wa juu ulisema: "Amri hii inafuta faili, na haiwezi kuzirudisha." Chini yake akaeleza namna ya kuona kwanza kitakachofutwa. Mmoja wa wajenzi wa ile lugha alimpinga mtandaoni: mtu mzima anajua maana ya kusafisha.

"Kwetu watu wazima wawili walilazwa hospitali kwa kutojua," Koma alimjibu.

Ukurasa ulipokelewa, na baadaye wakakubaliana zana yenyewe iwe inamuuliza mtu kabla ya kufuta.

Shemeji alipofunguliwa alituma wazee kuomba mkewe arudi. Mkewe aliwakaribisha chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza hadi mlangoni.

Siku hizi mdogo mtu ndiye anayesomewa kurasa mpya, maana hajui lolote la programu. Koma husoma huku taya ikigonga kidogo, na mdogo wake, aliye kwenye beseni la nguo, humkatiza.

"Hapo hueleweki."

"Hapo ni wazi kabisa."

"Wazi kwako wewe uliyeandika. Soma tena."

Hugombana. Kisha Koma hufuta, akaanza sentensi upya.