Garimoshi Lenye Behewa Moja

Garimoshi langu liliingia Homa Bay ndani ya lori la kubeba samaki, likanuka omena kwa wiki kadhaa. Mji huu haujawahi kuona reli, kwa hiyo majirani waliosaidia kushusha kreti walidhani ni mashine ya kusaga. Mmoja alinishauri niiweke karibu na barabara ili wateja wasihangaike.

Ni garimoshi la mvuke la mfano, jipya kabisa, lililoundwa ng'ambo na watu wenye wazimu kama wangu. Linanifika kiunoni, na wanaume wanne hawawezi kuliinua bila kutukanana. Lina boila ya shaba, pistoni, geji ya presha na filimbi. Unalitia moto kweli, na linakuunguza kweli. Alama ninayo mkononi.

Nilianza kulipenda kabla sijaliona, lakini sitalipamba. Rangi yake ya kijani ina majivuno, na aliyeweka tundu la maji chini vile hajawahi kuinama akiwa na umri wangu. Kijitabu chake kinataka makaa ya mawe ya daraja la juu, kana kwamba yanauzwa sokoni kwetu kando ya kabeji. Nikatumia makaa ya kuchomea mahindi, yakaisha upesi kuliko uvumilivu wa mke wangu. Maji ya bomba yaliacha ukoko kwenye boila, nikahamia maji ya mvua. Siku mvuke ulipopanda na lile dubwana likasogea lenyewe, nililia, na moshi haukuhusika.

Reli niliungiwa na fundi wa mageti, zikazunguka shamba la sukuma wiki. Behewa ni moja tu, refu na jembamba kama benchi. Dereva analipanda kama baiskeli, na abiria anakaa nyuma yake, magoti yakimbana mbavu.

Mke wangu aliliita mke mwenza. Mama yake, anayeishi upande wa Migori karibu na mpaka, aliposikia habari zake alituma ujumbe kwamba anakuja. Marehemu mumewe alikuwa akitia makaa kwenye magarimoshi ya mvuke, na katika ndoa yao yote alimwahidi kumpeleka Nairobi kwa treni. Kila likizo ilikuja na kisingizio chake. Magarimoshi yakastaafishwa, mzee naye akastaafu, kisha akafa. Mama hajawahi kupanda treni hata siku moja, na safari hii hakuja kunywa chai.

Alilizunguka garimoshi akilikagua kama ng'ombe wa mnada wa Ogwedhi. Mimi ni Mjaluo, yeye Mkuria, na Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kuelewana.

"Ni kadogo," akasema. "Lakini inanuka kama nguo za mzee wangu. Mkwe, nitapanda."

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Kwetu mtu hamkaribii mama mkwe wake, na kwao ndiyo kabisa. Hatupeani mkono, na mezani ananiketia mbali. Halafu mimi, mtu mzima, nimejenga treni ambayo lazima anikalie mgongoni. Nilikuwa nimefikiria kona, mteremko na kuku. Mama mkwe sikumfikiria.

"Tunaweza kuweka mto katikati," nikasema.

"Mto?" Alinitazama mpaka nikatazama chini. "Wewe shuka. Huyu msichana wangu ako na mikono."

Basi mke wangu, ambaye hadi siku hiyo alikuwa amelishika garimoshi kwa matusi tu, akafundishwa kuendesha na mtu aliyesimama mbali, kando ya tangi la maji ya mvua, akipiga kelele, yaani mimi. Fungua mvuke kidogo. Kidogo, nimesema. Kofia ya dereva niliyojinunulia aliivaa yeye, na ilimkaa vizuri, jambo lililoniudhi. Abiria wa kwanza wa garimoshi langu, na mimi nafukuza kuku. Iliniuma.

Lilishtuka, likagoma, kisha likaondoka. Mama alikuwa amemshika binti yake kiunoni, leso imekazwa kichwani. Walizunguka sukuma wiki, wakazunguka tena, filimbi ikilia. Mama hakucheka, nikaanza kuogopa kwamba amechukizwa. Moto ulipopungua walisimama karibu na tangi. Mke wangu akashuka kujinyoosha. Mama hakushuka.

"Nairobi tumefika?" akauliza, macho mbele.

Mke wangu alinigeukia. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Bado, mama," nikasema.

"Basi leta makaa."

Nikaweka ndoo ya makaa kando ya reli, nikarudi nyuma hadi kwenye tangi, na binti yake akaja kuichukua.