Mihogo ya Draru

Miaka minne mizima Draru hakupanda kitu kisichokomaa kwa miezi mitatu. Alikuwa Mlugbara wa Uganda, aliyekimbia vita vya mwaka 1979 na watoto watatu, na kila msimu aliapa kwamba ujao atavuna kwao. Mama yangu, Brigitte, alimwazima kipande cha shamba pembeni mwa Nyakasanza, upande wetu wa mpaka, kwa sharti linalojulikana kwetu: mgeni hupanda maharage, si mihogo wala migomba. Anayepanda kitu cha kukaa ardhini mwaka mzima huishia kusema shamba ni lake.

Sharti hilo halikumsumbua Draru, maana unga uliletwa na lori la msaada kila mwezi. Kisha lori likaanza kuruka miezi, na mwaka 1983 likakatika kabisa.

Siku moja nikitoka kuchota maji niliona vipande vya mti wa mhogo vimechomekwa kati ya maharage yake. Ningenyamaza, lakini mdomo wangu haujui kufunga mlango. Nikamwambia mama, naye akachukua jembe. Mwaka uliotangulia alikuwa amefyeka migomba ya Eugène, binamu yake wa damu ambaye naye aliazimwa shamba, kwa kosa hilohilo. Nilimfuata nikijilaani.

Draru hakukana.

"Mama Brigitte, kamyo ya unga haitakuya tena. Nikingoja kurudi kwetu, batoto batakufa na njaa hapa."

"Juu ya nini haukuuliza?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," mama alisema, akainama na kung'oa kipande cha kwanza. Akang'oa cha pili, na cha tatu. Draru alifunika uso. Nilitamani ardhi inimeze.

"Weye, umebananisha sana," mama alisema, akichimba shimo jipya hatua moja kando. "Muhogo inaomba nafasi. Leta jembe yako."

Walilima hadi jua la utosini. Draru alilia muda wote, nami nikamwambia huo ni wakati wa kufurahi.

"Ninafurahi," alinijibu. "Lakini sasa najua kama siendi kwetu."

Kesho yake alikuja nyumbani kwetu, akapiga hodi, akaomba miche ya migomba. Mama aliguna, akamwambia asizoee. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akamchimbia mitatu.