Askari Aliyesema Funika Macho

Wajukuu zangu wanacheka kila nikifika pale kwa askari. Wacheke. Minye, mimi mwenyewe, ndiye nilikuwa mu gari ile. Wao hawakuwa hata mu mawazo ya baba zao. Shule nilisoma darasa mbili tu, lakini kuona hakuhitaji shule. Haya niliyaona.

Ilikuwa miaka ya maasi, uhuru ungali mbichi. Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinishika kule kwetu Rurambo, na tangu asubuhi mtoto alikuwa hachezi tena. Unajua tumbo linavyokuwa mtoto akinyamaza? Linageuka jiwe. Wanaume walinibeba ku tipoyi, ile machela ya miti, mpaka chini mu bonde la Ruzizi. Pale alitungoja yaya Zakaria, kaka yangu mkubwa, na jipu, gari ya tajiri wake. Tajiri alikuwa amekimbia vita. Safari ilikuwa moja tu: kufika lopitali ya Uvira mtoto angali hai.

Jipu ile Zakaria aliipenda kuliko mke wake. Chini ilikuwa na taa zake mbili za kuzaliwa. Juu ya paa yeye aliongeza nne, kubwa kama masufuria. Wakati wa Wabeleji sheria ilijulikana: taa za kuongeza ni za pori. Ukishika barabara ya serikali unazifunika kwa ngozi ao kitambaa, la sivyo askari anakusimamisha. Uhuru ulipokuja, yaya alitupa vifuniko vyote.

"Sheria ile ilipanda ndege na wenyewe," alikuwa akisema, na kucheka.

Tukashika barabara, minye mbele, mama mukwe nyuma na mafurushi. Jua lilikuwa limetoka kuzama, mvua imeacha, ukungu unapanda kutoka mu mashamba ya pamba. Zakaria akawasha taa zote sita. Tulipita mu weupe mtupu, kama kuogelea mu maziwa. Kumbikumbi walikuja kwa maelfu, wakatupiga usoni.

Ndipo mkono ukainuka mbele yetu.

Zakaria akakanyaga breki. Tulifikiri ni waasi. Hapana. Alikuwa askari wa barabara, kaptula ya kaki, vitambaa vimezungushwa miguuni, vile walivaa kabla ya uhuru. Askari gani angebaki mu barabara ile siku zile? Wote walikuwa wametoroka! Na nikuambie jambo moja: kumbikumbi walitujaa hata mu masikio, lakini juu yake hakutua hata mmoja. Taa sita zilimpiga usoni, hakupepesa.

"Funika macho!" akasema.

Leo kila mtoto anajua kama macho ya gari ni taa zake. Minye niliyetoka kwa ng'ombe ningejuaje? Kwetu mama mwenye mimba anakatazwa kuangalia kitu kibaya, mtoto asichukue sura yake. Nikawaza: huyu ni mwema, ananikinga. Nikavuta kitenge, nikajifunika macho yangu mawili, kabisa kabisa. Yaliyofuata niliyasikia tu.

"Chef, mkubwa wangu, sheria hiyo iliondoka na Wabeleji," Zakaria akasema.

"Barabara je, waliibeba?"

Nikasikia Zakaria anazima moto.

"Muko bangapi?" askari akauliza.

"Tuko batatu."

"Hapana. Mimi naona bane."

Bane! Basi mtoto yuko, nikasema moyoni. Anahesabiwa.

"Weye, acha kubishana na serikali!" mama mukwe akamfokea Zakaria. "Kamata kitenge changu, funika hayo masufuria yako!"

Zakaria akapanda juu, akafunga. Alipowasha moto tena, mbele hakukuwa na mtu, ndivyo waliniambia. Tukaenda polepole na taa mbili, na minye bado nimejifunika, mpaka mama mukwe akanipiga begani.

"Fungua, mjinga weye! Alikuwa anasema macho ya gari!"

Nikafungua. Macho yangu yalikuwa yamezoea giza, mapya kama ya paka. Ya yaya yalikuwa bado yamejaa ule weupe.

"Yaya, simama! Daraja haliko!"

Yeye hakuona kitu, lakini alisimama. Akashuka, akatupa jiwe. Tulisikia maji yakilimeza. Mto ulikuwa umebeba daraja zima, na gurudumu letu la mbele lilikuwa karibu na ukingo kiasi cha mkono wangu huu.

Nikaanza kulia. Nyuma ni milima, mbele ni maji. Nizalie wapi?

Mama mukwe hakulia. "Huku juu kuna mahali ng'ombe wanavukia," akasema. "Mto unatawanyika ku mawe, maji yanafika magotini. Toka mu barabara."

Zakaria akageuza usukani, tukaingia majanini. Hapo hapo sauti ile, karibu na sikio langu:

"Sasa ni pori. Fungua yote."

Wote watatu tuliisikia. Zakaria akararua kitenge, taa sita zikawaka, na kila jiwe la mto likaonekana kama mchana. Tulivuka. Mu katikati ya maji mtoto akanipiga teke, teke la haki, nikapiga kelele mpaka yaya akadhani nimezaa.

Nilizaa lopitali ya Uvira kabla ya jogoo kuwika, binti, mwenye sauti kama tarumbeta. Pale Kavimvira, ku mpaka karibu na Uvira, mzee wa forodha alituambia askari yule alikufa ku daraja lile kabla ya uhuru. Jipu ya wawindaji ilimmulika kwa taa nyingi. Akapofuka, akaruka upande wa gari badala ya upande wa majani.

Zakaria alishona vifuniko vipya siku ile ile. Mpaka kufa kwake, kila alipotoka porini alisimama, akafunika, ndipo akaingia barabara. Shofere wenzake walimcheka. Binti yangu leo ana wajukuu wake mwenyewe, na hakuna mtu wa nyumba yangu anayewasha taa za juu mu barabara nikiwa ndani.

Basi weye mwenye jipu na pikipiki yenye taa kama harusi, sikia maneno ya bibi. Wale mbele yako hawakuoni weye, wanaona jua limewaangukia. Pengine hapo kuna mama anavuka, mkono ku tumbo, na hajui upande gani wa kukimbilia. Funika.