Trekta Langu Kwenye Zamu ya Maksai

Niliuza maksai wanne nikanunua trekta dogo lililokwishazeeka, na hadi leo nikikumbuka siku nilipolifikisha nyumbani Machochwe nacheka mwenyewe. Mama yangu alilizunguka mara mbili, akaligonga tairi kwa fimbo, akauliza, "Hili nalo linakula nini?" Nikamwambia dizeli. Akasema afadhali, mradi lisiguse mahindi yake.

Shida ilikuwa risaga. Kwetu kulima ni kwa kusaidiana: nyumba kama kumi, kila moja inaleta maksai na plau, leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule. Asiye na kitu cha kuleta hana siku yake. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na mzee anayepanga zamu zetu aliniambia bila kupepesa macho, "Jumatatu leta hicho chuma chako. Kikishindwa, zamu yako tunampa mwingine." Maana yake shamba langu lingebaki majani msimu mzima.

Na chuma kilikuwa kinashindwa. Kinawaka vizuri kabisa, kinanguruma, kinatembea robo saa, halafu kinaanza kukohoa na kuzimika. Sikumwita fundi. Kiburi ninacho, sikatai. Nilikwenda Mugumu nikanunua chujio jipya la dizeli, nikalifunga mwenyewe. Nikatoa upepo kwenye mabomba: unalegeza bolti juu ya chujio, unabonyezabonyeza kipini cha pampu kwa kidole gumba mpaka mapovu yaishe, ikianza kutoka dizeli tupu unakaza. Mikono ilinuka dizeli hadi ugali nao ukanuka. Nikawasha. Robo saa, kikazimika. Nikarudia kazi yote. Robo saa, kikazimika. Nilikipiga teke, nikaumia kidole, nikakitukana kwa Kikurya maana Kiswahili hakikutosha.

Jumapili baada ya ibada nilijaribu tena, kikazimika katikati ya uwanja. Nikachukua kijiti ili nipime dizeli iliyobaki, nikafungua kifuniko cha tenki. Fyuuu! Tenki lilivuta hewa kama mtu aliyeponea chupuchupu kuzama. Nikakigeuza kile kifuniko. Katikati yake palikuwa na kitundu kidogo, na siku ile ya kwanza kabisa nilikiziba kwa nta ya nyuki, tena nikajisifu! Sisi tuliokulia kwenye maziwa hatuachi kibuyu na tundu, nzi wataingia. Mkono wangu uliziba kabla kichwa hakijauliza. Kumbe dizeli ikishuka kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie tenkini kushika nafasi yake, la sivyo haishuki tena.

Nikachokoa ile nta kwa sindano ya kushonea. "Mama, njoo! Njoo uone!" Nikatoa upepo, nikawasha. Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita! Nilizunguka uwanja nikipiga vigelegele mpaka kuku wakahamia kwa jirani.

"Mwehu wewe, utaimaliza dizeli!" mama alipaza sauti, lakini alikuwa anacheka kunizidi.

Jumatatu asubuhi nilifika shambani kwa jirani kabla ya maksai wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, tuone."

Nikashusha plau. Udongo ukageuka mweusi nyuma yangu, mstari baada ya mstari, na moyo ulikuwa unapiga kuliko injini. Nilitamani kila mtu wa Machochwe awepo aone! Ilipofika saa nne maksai walifunguliwa nira, maana jua likishapanda hawakazani tena, na wenzangu wakaketi kunywa uji. Mimi sikusimama. Kusema kweli niliogopa kuzima. Tangu nilinunue lile trekta nilikuwa sijalizima kwa hiari yangu, lilikuwa linajizimia lenyewe.

Mzee akaja akiruka mabonge ya udongo, akasimama mbele yangu na kuinua mkono. Nikajua nimeharibu.

"Zima," alisema.

"Mzee, bado lina nguvu!"

"Nimeona. Lakini hapa tunaanza pamoja na tunaacha pamoja. Zima, uje unywe uji. Kesho tunalima kwako."

Nikazima. Nilishuka, nikaenda kuketi na wenzangu.