Siku Niliyohamisha Nyuki wa Baba

Nyie, leo nimehama nyumba, niko hoi. Ila sijachoka kama siku ile ya miaka ya tisini, kule Ilembo.

Marehemu baba alituachia mzinga wa nyuki wadogo, wale wasiouma. Ulikuwa umetundikwa ukutani, jikoni.

Ukuta ukaanza kubomoka. Asubuhi nikaubeba mzinga hadi nyuma ya nyumba.

Jioni nyuki waliokuwa wametoka kwenda kwenye maua wakarudi palepale jikoni. Wakazunguka tu, mlango wa mzinga hawauoni.

“Mama, si hatua ishirini tu kutoka hapa?” nikauliza.

“Njia waliyojifunza ni hii, mwanangu. Warudishie mzinga wao.”

Nikaubeba tena! Ukuta nikauwekea magogo usianguke.

Mama alisimama pale mpaka nyuki wa mwisho alipoingia. Kisha akafuta machozi.

Nyie mngeuacha kule nyuma?