Shikamoo Iliyomuumiza Fundi Uwesu

Duka langu la vifungo, zipu na nyuzi liko kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Msimbazi. Nje ya mlango wangu, chini ya ngazi, anakaa Uwesu, fundi wa kutengeneza vyerehani. Ni mwaka wa ishirini na nane huu. Mimi Mauza si mtu wa kumsifia mtu ovyo, lakini huyu mzee akizungusha gurudumu la cherehani mara moja tu, sikio kalitega, anakwambia kinaumwa nini. Hakosei. Tatizo lake ni mikono. Ikifika saa nne asubuhi imeshakuwa myeusi kwa grisi, na saa saba mkewe, Bi Hajira, alipokuwa anafika, miwani puani, mguu wa kushoto anauvuta, na hotpoti la chakula mkononi, uchochoro mzima ulijua kinachofuata.

"Uwesu! Nawa! Grisi si mboga!"

Naye mzee wa miaka sabini anainuka, anakwenda bombani huku ananung'unika. Kila siku, ila Ijumaa tu.

Basi akaja Klara. Binti wa miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu, mama yake anapunguza nguo za mitumba kule Mchikichini kwa cherehani kibovu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Siku ya kwanza Uwesu alimuuliza kwao wapi.

"Baba Mngoni, wa Songea."

Uwesu, ambaye ni Mngindo wa Liwale, akaangusha bisibisi. "Mngoni! Mtani wangu! Jamani, nimevamiwa!"

Kuanzia hapo amani ilitoweka. Mimi mtoto huyo alikuwa ananipa shikamoo yangu vizuri kabisa, halafu anamgeukia mzee wa watu: "Wewe Mngindo, hujafa tu? Nimekuja kuchukua vyerehani vyangu."

"Nikuachie wewe? Mngoni anajua rungu, sindano ataijulia wapi?"

"Rungu hilohilo mlilikimbia mpaka mkafika baharini. Ungejua kupigana ungekuwa Kariakoo saa hizi?"

Siku moja alikuja na tepu akapima meza ya kazi, eti akirithi ataweka friji la soda. Uwesu alicheka mpaka akapaliwa, na Bi Hajira akampigapiga mgongo huku naye anacheka. Kisha wakala wote watatu sahani moja.

Mimi sikucheka. Kwetu, watu wenye asili ya Uarabuni, mkubwa ni mkubwa, na utani wa makabila hatunao. Nilimwambia Uwesu anamharibu mtoto. Akanijibu, "Mauza, mtani anaruhusiwa kucheka pale ambapo wengine hawawezi. Hata msibani. Siku zetu zikifika, mimi na Hajira, angalau tunaye huyu." Nikasema astaghafirullah nikarudi kwenye zipu zangu.

Lakini kimbelembele changu hakikutulia. Mteja mmoja aliyetoka Kigamboni, katoka kuvuka kwa pantoni pale Magogoni na jua lake kichwani, alimsikia Klara akiuliza kaburi la mzee lina dirisha au halina. Akanitazama mimi! Kama vile mjukuu ni wangu. Jioni nikamwita binti pembeni nikamsema. Nikamwambia hana adabu, mzee anamvumilia tu kwa wema wake, na mama yake angeona aibu. Macho yalimjaa machozi, akaondoka.

Kesho yake akaja, akasimama mbali kidogo na meza, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

Uwesu akaweka bisibisi chini. "Marahaba," akasema, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Wiki tatu ikawa hivyo. Shikamoo, marahaba, cherehani kiko tayari. Uwesu akaniuliza, "Mtoto nimemkosea nini?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema watoto wa siku hizi hawatabiriki.

Jumatatu alfajiri Bi Hajira akafariki. Presha. Alasiri tukamzika.

Jumatano Uwesu alikuwa bado hajatia kitu mdomoni. Amekaa kwenye mkeka chini ya turubai la msiba nyumbani kwake, sahani inaletwa, anaitazama, anaisogeza. Wanawe walimbembeleza. Shehe alimpa mawaidha. Mimi nilipeleka tende na uji nilioupika mwenyewe, akasema "Ahsante, Mauza," na uji ukapoa pale. Ana sukari yule mzee, ana dawa za kumeza na chakula. Mchana huo, alipotaka kwenda kuswali, miguu ilikataa kumbeba. Nikaogopa kwelikweli. Nikavaa baibui nikaenda Mchikichini.

Klara alikuwa kakaa kwenye robota la nguo, macho yamevimba. Kumbe msiba alikuwa na habari nao, ila hakujua kama anaruhusiwa kuja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, nilikukosea." Kumwambia hivyo mtoto wa miaka kumi na sita si kazi ndogo kwa mtu kama mimi, lakini nilisema, na nikasema yote. "Mtani wako hali chakula. Njoo."

"Naogopa, bibi. Mi sijawahi kufanya utani wa msibani. Watanipiga!"

Mama yake hakunyanyua hata macho kwenye cherehani. "Vaa nguo ya marehemu, sema maneno yake. Basi."

"Na atakayekugusa," nikasema, "anipitie mimi kwanza."

Tukafika sahani zikigawiwa. Nikamwingiza chumbani kwa wanawake, nikamfunga kanga ya marehemu, nikampa miwani yake na lile hotpoti. Akatoka, akapita katikati ya wanaume na mwendo ule wa Bi Hajira wa kuvuta mguu wa kushoto, akasimama mbele ya mkeka.

"Uwesu! Nawa! Grisi si mboga!"

Mpwa wa marehemu akaruka kumshika. Nikapiga kelele nikiwa mlangoni, "Kaa chini! Huyo ni mtani!" Akakaa.

Uwesu aliitazama mikono yake. Ilikuwa safi tangu Jumatatu. Aliigeuza huku na huku, anaitafuta ile grisi. Halafu akashika nguzo ya turubai, akainuka polepole, ananung'unika, akaelekea bombani. Tukasikia maji.

Akarudi mikono inachuruzika, akakaa, akavuta sahani. Akala. Machozi yanadondokea kwenye wali, naye anakula tu. Tonge la tatu likiwa mdomoni akasema, "Mngoni wewe, sauti umekosea. Yake ilikuwa kali zaidi."

Klara akavuta makamasi, miwani imemteremka puani. "Kula wewe, Mngindo. Ufe umeshiba."

Wanawake nyuma yangu wakashika vinywa. Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza.