Kuku Aliyenadiwa Mara Mbili

Novemba mwaka huu tulimzika mama, nyumbani Kaagya. Jioni ya mazishi mvua ilinyesha, na wageni waliojaa sebuleni wakaacha kuongea, maana bati lilipiga kelele juu ya vichwa vyetu. Mimi nililisikiliza. Najua lilivyopatikana.

Nilikuwa darasa la kipaimara. Baba alikuwa ameshafariki, na bati letu la zamani lilikuwa limeoza kwa kutu. Mvua ikija tulihamisha kitanda, tukatega masufuria, na mama alisema kwa utani kwamba wenzetu wanahangaika kwenda kisimani bure.

Mwaka ule mwinjilisti alitaka tujifunze kutoa. Tungekusanya vitu, tuvinadi Jumapili baada ya ibada, na fedha zimwezekee nyumba mhitaji mmoja wa mtaa wetu. Jina alilificha. "Mkimjua," alisema, "mtaanza kumpima kama anastahili."

Tulipita nyumba kwa nyumba tukiimba, tukapewa ndizi, kahawa, maharage. Njiani tulimkisia mhitaji wetu. Mugisha, mcheshi wa darasa, alikuwa na hakika.

"Ni yule mzee wa rubisi tu. Tutamwezekea, halafu auze bati anywe pombe yake. Usiku mvua ikimpiga atatuita tena!"

Tulicheka mpaka mkungu wa ndizi ukatuponyoka.

Kila mmoja alitakiwa pia kuleta kitu cha kwao. Mama alinipa kuku wetu mwekundu, yule aliyekuwa anataga.

"Mama, huyu?"

"Huyo huyo. Mfunge miguu vizuri, asikuchafulie gauni."

Kwa kuwa nilikuwa na sauti, nilichaguliwa kunadi. Nilisimama juu ya benchi nje ya kanisa, nikauza ndizi, nikauza maharage, watu wakinitania bei. Nilikuwa nimemnyanyua kuku wetu wakati mwinjilisti aliposema kwamba sasa tumjue tunayemsaidia. Akataja jina la mama.

Mama alisimama kati ya wanawake wenzake, akainamisha kichwa kushukuru. Nilimtafuta Mugisha. Alikuwa anatazama viatu vyake, na afadhali angecheka. Watu walikuwa wamenizunguka pande zote. Kushuka ilikuwa kukimbia mbele ya usharika mzima. Kubaki ilikuwa kuliombea paa letu kwa mdomo wangu mwenyewe. Na magunia ya kahawa, yaliyokuwa na thamani kuliko vyote, yalikuwa bado hayajauzwa. Nikishuka, tungeipokea mvua na masufuria yetu. Moyo wa kuku ulikuwa unadunda kwenye kiganja changu.

"Koku mwanangu, bojo, nadi," mama mmoja alinibembeleza kwa jina langu.

"Kuku," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Walikuwa wanatuonea haya. Kisha nikamwona mama akifungua fundo la kanga yake.

"Elfu tano."

Nani angethubutu kumzidi? Nikaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwuzia mama kuku wake.

"Asanteni, waitu, ndugu zangu," akasema. "Arudi mnadani."

Kwetu aliyenunua anaweza kurudisha kitu kiuzwe tena, na fedha yake inabaki kuwa sadaka. Vigelegele vilipigwa, bei zikaanza kutoka kila upande, na mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Sikushuka hadi gunia la mwisho lilipouzwa. Lakini njiani kurudi sikumsemesha mama, hata neno moja.

Bati lilipigwa kabla ya mvua. Kwa miaka yote niliamini kwamba mama naye alishtukizwa siku ile kama mimi. Mwaka huu, akiwa mgonjwa kitandani, nilimwuliza.

"Nilijua," akasema. "Mwinjilisti alikuja kwanza kuniomba ruhusa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa kunadi. Na mwenye sauti ulikuwa wewe."

Akavuta shuka mpaka kifuani.

"Tena sikutaka kukaa pale napokea tu."

Kumbe kupokea nako kulikuwa kumemnasa, kama benchi lilivyoninasa mimi.

Juzi Mugisha, ambaye siku hizi anauza dagaa Muleba, alikuja kutoa pole. Alikuwa ameshika kuku, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Hakutania. Nilitaka kumwambia kuku tunao, asijisumbue. Nikasimama, nikampokea kuku kwa mikono miwili.